Bado Moja

Mjukuu wangu alizaliwa Dallas, na neno la kwanza la Kiswahili alilolishika sawasawa ni bado. Si mama, si maji. Umeoga? Bado. Umekunja nguo? Bado. Lilimfaa kwa sababu ukilisema umeshajibu na hujafanya kitu. Mengine alielewa nusu, akanijibu kwa Kiingereza. Mimi niliishia darasa la nne na Kiingereza changu ni cha dukani, kwa hiyo tuliongea hivyo hivyo, kila mtu na lake, na tukasikilizana.

Nyumba yetu pale Garland ilikuwa ya Kiswahili kwa lazima. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, ameolewa na Mtanzania dereva wa lori, na lugha zetu za kwetu hazijuani. Hata jina langu lilileta maneno. Mkwe alitaka mtoto aniite Bibi. Nikamwambia kwetu Kenya bibi ni mke wa mtu, na mimi si mke wako. Akasema basi Nyanya, huku anaangalia zile alizokuwa anakatia kachumbari na kucheka. Mtoto akaamua mwenyewe. Shosho, kama watoto wa kwetu wanavyomwita mama wa mama.

Baiskeli ilikuja 2017, akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa anapakia mizigo kwenye ghala moja Mesquite, na siku mbili kwa wiki anaenda chuo. Mwanamke waliyefanya naye kazi alimpeleka kuona mashindano, akarudi macho yamewaka. Nikataka nione na mimi. Nikakuta wamefunga vibarabara vya mtaa wa viwanda, na watu kama arobaini wanazunguka palepale, kona nne, dakika arobaini, kama nzi kwenye taa.

“Mnaenda wapi?” nikamwuliza.

“Nowhere, Shosho.”

“Basi haraka ya nini?”

Kwetu baiskeli ilibeba maziwa, ilibeba mgonjwa, na ikibidi ilibeba jeneza. Sikuwahi kuona ikibeba mtu kumrudisha alipotoka. Lakini mwaka uliofuata alianza kushindana, na siku ya kwanza nilimwona anaingia kona ameinama mpaka goti linakaribia lami, kundi zima likimfuata. Nikasema moyoni, huyu ni wangu. Toka hapo sikukosa. Kila Jumanne jioni nilikuwa pale na kiti changu, mwavuli wa jua na chupa ya chai.

Kazi yangu ilikuwa namba. Wanawapa namba ya karatasi ya kubandika ubavuni mwa jezi kwa pini, na ikipigapiga upepo inakuchelewesha. Mimi nimeshona maisha yangu yote. Nilikuwa naibandika ikalala kama ngozi. Wasichana wengine wakaanza kupanga foleni. “Grandma, please.” Niliwabandika wote, ila ya wangu niliiwekea pini mbili za ziada.

Kanisani hawakupenda. Mama mmoja aliniuliza wakati wa chai, “Na hizo nguo za kubana, hamkupata za saizi yake?”

“Hiyo ndiyo saizi yake,” nikamwambia. “Macho yako ndiyo makubwa.”

Binti yangu pia hakupenda, na yeye alikuwa na sababu. Msimu wa pili mtoto aliteleza kwenye kona yenye mchanga, paja likachubuka kuanzia nyonga hadi gotini. Mama yake alilisafisha mezani jikoni, bado amevaa nguo za kazi, midomo ameikaza. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba kutwa nzima anageuza watu vitandani, hataki aje kumgeuza na wake. Tena alitaka mtoto asome uuguzi, na maombi alikuwa ameshajaza yeye mwenyewe.

Basi wakapatana, mimi nikiwa shahidi. Katika mashindano haya watu wako kwa madaraja. Yeye alikuwa la nne, la chini kabisa. Kulikuwa na kilabu cha wanawake kilichosema kitamchukua akifika la tatu, wamfundishe, waende naye majimbo mengine. Alikuwa ameshakusanya alama zote isipokuwa chache. Akiingia katika watatu wa kwanza Houston, mwanzoni mwa msimu wa 2020, amepanda. Asipoingia, baiskeli inawekwa chini na anaanza uuguzi.

“Houston ndiyo mwisho,” mama yake akasema. “Sitaki kusikia bado.”

Sasa niwaeleze shida ya kengele. Raundi ya mwisho inapofika wanapiga kengele. Lakini kengele hiyo hiyo wanaipiga katikati ya mashindano, na maana yake ni kwamba atakayetangulia raundi hii anapata zawadi ndogo, soksi au chupa ya maji. Nimeona watu wazima wakitaka kuvunjika shingo kwa ajili ya soksi. Mwenye akili anawaacha wachoke na soksi zao. Raundi zilizobaki zinaandikwa kwenye ubao pale kwenye mstari wa kumalizia, lakini mjukuu wangu ni wa miwani, na miwani inajaa jasho, kwa hiyo alikuwa anaiacha garini. Ubao hakuuona. Mimi ndiye niliyekuwa ubao wake. Nilisimama mita chache mbele na kupiga kelele kwa Kiswahili, wengine wasielewe. Bado tano. Bado nne. Na kengele ikilia, ya soksi nasema zawadi, ya mwisho nasema bado moja. Jumanne zote za Dallas ilifanya kazi. Alikuwa anacheka baadaye kwamba ana redio isiyotumia betri.

Binti yangu alikuwa na shifti, mkwe yuko barabarani. Tukateremka Houston wawili, tukila viazi vya kuchemsha garini. Mkanda wa helmeti nikamfungia mimi.

“Shosho, utapiga kelele?”

“Mpaka koo litoke.”

Hali ya hewa ilikuwa nzito na yenye upepo, na pale kulikuwa na kitu ambacho Dallas hatukuwa nacho, spika kubwa kama kabati, na mtu anatangaza bila kupumua. Sikuipa uzito. Nimeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, nitashindwa na spika?

Aliendesha vizuri kuliko siku zote, nasema hivyo na si kwa sababu ni wangu. Alikaa wa tano, wa sita, amejificha nyuma ya migongo. Soksi zilipigiwa kengele mara mbili, nikaita zawadi, na mara zote aliwaacha waende. Bado tano akanisikia, akainua kidole. Bado nne, kidole. Bado tatu, kidole.

Halafu wanawake wawili wakaanguka nyuma ya kundi, upande wa pili wa mzunguko. Nikaona jezi ya bluu kama yake iko chini. Nikageuka. Nilipogundua si yeye, kundi lilikuwa limeshanipita. Ile ya mbili sikuiita.

Wakaja tena. Kengele ikalia. Niliona ameinua kichwa, ananitafuta kwa yale macho yasiyoona mbali. Nikavuta pumzi na kuita, “Bado moja!” Yule wa spika naye akafungua mdomo wakati huo huo.

Hakuinua kidole. Aliwaacha waende.

Walichomoka mbele sita, na yeye akabaki ametulia, akipiga pedali pole pole kama mtu anayejitunza. Niliita tena, nikakimbia na kiti mkononi, mwanamke mzee mzima, sijui nilikuwa nakipeleka wapi. Alikuwa amefika kona ya tatu alipoona wanasimama juu ya pedali na kuinamisha vichwa. Akaelewa. Alifukuza jinsi sijawahi kuona mtu akifukuza. Akawapita watatu. Akamaliza wa nne.

Garini aliniambia tulipouacha mji.

“Shosho, ulisema bado.”

“Nilisema bado moja.”

“Nilisikia bado. I thought, not yet. Nikafikiri ni soksi.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwangu bado ni kile kilichobaki. Kwake, toka utoto, bado ni ngoja kwanza. Ukikata neno langu katikati, linamwambia kinyume. Tulikuwa tumelitumia miaka miwili bila kujua kwamba kila mtu ana lake. Na ile ya mbili, ambayo ingemnyoosha, niliimeza mimi.

Ningemwambia. Midomo ilikuwa imefunguka. Lakini mimi ni mtu aliyezoea kusifiwa, na nikamjibu hivi, “Masikio yako hayo. Mimi nilisema.”

Akatazama barabara. “Ni sawa, Shosho. It's fine.”

Nyumbani mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza, alimtazama usoni tu.

“Miguu iliisha, Mum,” mtoto akasema.

Mimi nilikuwa nyuma yake na mfuko wa pini. Nilipita nikaenda kuweka maji ya chai.

Siku chache tu baadaye ugonjwa ukafunga kila kitu. Hakukuwa tena na mashindano ya mtu yeyote. Binti yangu alikuwa anavulia nguo za hospitali gereji, baiskeli imening'inia ukutani juu yake, anaingia ndani na uso wenye alama za barakoa na hataki tumguse. Aliona watu wengi wakifa mwaka ule. Kati ya hayo yote, nani angemwendea na habari za kengele? Ndivyo nilivyojiambia. Ilikuwa kisingizio kizuri, kila siku kipya. Mtoto alianza masomo ya uuguzi kwenye kompyuta chumbani kwake, na jioni akawa anahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Hakulalamika. Alinenepa kidogo, akaacha kucheka na mimi.

Nilimwambia binti yangu karibu na mwisho wa mwaka. Tulikuwa tunachambua maharagwe. Nilieleza yote, jezi ya bluu, ile ya mbili, spika, na jibu nililompa garini.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, “Mama, kwa nini hukuniambia siku ile? Kosa kama hilo si lake. Ningempa mwaka mwingine.”

“Mpe sasa.”

“Nilishamwambia jana akitaka aendeshe. Amekataa. Ameshapata mtu wa kuinunua baiskeli.”

Aliyekuja kuichukua alikuwa mwanamke wa zile Jumanne. Nilimtambua kwa miguu, maana uso ulikuwa ndani ya barakoa, na yeye akanitambua. “Grandma,” akasema, na kunionyesha ubavu wake, pale nilipokuwa nambandika namba. Nilimsaidia kuishikilia wakati anaifunga nyuma ya gari. Gurudumu la mbele lilikuwa linazunguka lenyewe, nikalizuia kwa kiganja.

Mjukuu wangu hakutoka. Alikuwa nyuma ya mlango wa gereji, namsikia anavyopumua.

“Shosho, ameenda?”

Yule mwanamke alikuwa bado anakaza kamba. Neno lile lilinijia mdomoni kama lilivyozoea, nikalimeza.

“Anafunga kamba ya mwisho,” nikamwambia. “Ukitaka kuiona, toka sasa hivi. Na ile siku kosa lilikuwa langu. Ile ya mbili sikuiita.”

Gari likawashwa.

“Najua,” akasema. “Nilikuwa nahesabu. Nikafikiri nimekosea mimi, kwa sababu wewe hukosei.”

Mlango haukufunguka. Nilisimama pale mpaka gari likakata kona.