Maji ya Kaktasi

Binti yangu aliinunua kaktasi ile sokoni Daraja Mbili, kwa mama mmoja aliyeuza miche kando ya marundo ya mitumba, akaja nayo hadi kwetu Nyansiongo ameipakata. Ilikuwa ndogo kama ngumi, miiba kila mahali. Mama mkwe wangu aliitazama akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ng'ombe hali, mtu hali, na inachoma. Sasa hii ni mmea ama ni askari?"

"Ni mgeni wangu, magokoro," binti yangu akamjibu. Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Kisha akanigeukia mimi. "Mama, usiimwagie maji ovyo. Ngoja mpaka udongo ukauke kabisa."

Sharti gumu hilo. Hapa mvua hunyesha karibu kila alasiri, na kwetu kitu kikinyauka, dawa yake ni maji na samadi. Lakini aliporudi chuoni niliitunza dirishani alivyotaka, mpaka ikachipua kichwa kidogo ubavuni. Nilipompigia simu kumwambia, alishangilia kana kwamba tumejaliwa mtoto.

Likizo iliyofuata alishikwa na tumbo. Tukamkimbiza hospitali Kisii, akaingizwa chumba cha upasuaji, na hakutoka akiwa hai.

Nguo zake niliwagawia binamu zake. Kilichobaki chake chenye uhai kilikuwa kile cha dirishani, nami nilikishikilia kwa wivu mkubwa. Ndipo nikaona udongo wake umelowa. Kesho yake tena, umelowa. Shina likaanza kulegea, likawa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Asubuhi moja nikamfumania mama mkwe wangu, kikombe mkononi. Mimi mdomo wangu haujui kungoja. Mke hamfokei mama wa mumewe, najua, lakini nilimfokea.

"Mama, unaiua! Si alisema isipewe maji?"

Hakukasirika. Aliketi kwenye kigoda, kikombe bado amekishika.

"Siku ile ulipotoka kwenda kumletea shuka, aliniomba maji," akasema. "Nesi alikuwa amekataza, kwa sababu ya upasuaji. Akaomba tena. Midomo ilikuwa imekauka. Nikamwambia, ngoja, mtoto wangu, utakunywa ukitoka."

Sikuwa nimeyasikia hayo. Miezi yote hiyo tulikuwa tukila meza moja, naye ameyabeba peke yake. Niliumia upya, na hasira yangu ikakosa mtu wa kumwendea.

Nikaigusa kaktasi. Ilikuwa imeoza hadi chini, na kile kichwa kidogo kikabaki mkononi mwangu, nacho kimeoza. Mama mkwe wangu alikuwa akinitazama, akingoja nimwambie kama itapona.

Nilichukua kikombe mikononi mwake, nikainywesha maji yaliyobaki.