Siku Mume Wangu Alipouokoa Mtumbwi

Mume wangu ni Msukuma wa Usevya. Ng'ombe anawajua mpaka kikohozi chao, ila maji anayajua ya kwenye kikombe. Ndiye niliyetoka naye Majengo kwenda kwetu Ikola, tumpeleke mama yangu kwa dada yake, aliyekuwa hoi kitandani kwenye kijiji cha ziwani kisichofikika kwa barabara. Mama alikuwa na ombi moja tu: amkute hai.

Tulikuwa na boti ya tanga ya marehemu baba, na mtumbwi mdogo wa mbao wa kukokota nyuma. Kwa mama mkubwa ufukwe ni mawe matupu. Boti inatia nanga mbali, watu wanashushwa kwa mtumbwi. Bila huo mtumbwi, mama na magoti yake angeishia kumpungia dada mkono.

Kaka yangu, ndiye nahodha, alishona tanga. Mimi nikaziba nyufa za boti kwa pamba na mawese. Mtumbwi ulikuwa umekaukia bandani, mbao zimeachana. Dawa yake kila mtoto wa Ikola anaijua: unauzamisha pale pwani, unaujaza mawe, mbao zinakunywa maji, zinavimba, zinabanana. Tukauzamisha, tukaenda kutafuta kamba.

Tunarudi, mume wangu anatusubiri kifua mbele, jasho linamtiririka.

"Mtumbwi wenu umezama nyie mpo tu! Nimeuokoa."

Katoa mawe, kaukokota mchangani, kauanika juani kutwa nzima, na kwa wema wake kaufuta kwa shati. Nyufa zilikuwa zinapitisha kidole.

"Ee Mungu, huyu ndiye uliyenipa!" nikapiga kelele. "Ng'ombe akinywa maji, wewe unamtapisha?"

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa na hasira za kung'ata mtu. Mtumbwi ungeweza kulowekwa upya, sawa, lakini mgonjwa angesubiri?

Mama akakata shauri: twende hivyo hivyo.

Sasa, kwetu mama mkwe na mkwe hawasogeleani. Tangu niolewe, mume wangu akitokea, mama anajifunika kanga usoni na kuchepuka nyuma ya nyumba. Tulipotia nanga, upepo uliishika boti vibaya, kaka na mimi hatukuweza kuiachia. Mtumbwi unabeba wawili: wa kupiga kasia na wa kukumba maji yanayoingia. Kasia mama analiweza toka utotoni. Asiye na kazi alibaki mmoja.

Wakaondoka, magoti kwa magoti. Mume wangu kageuza shingo anatazama Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwa heshima, sufuria mkononi, maji yanampanda miguuni. Ndipo tukasikia sauti ya mama:

"Mkwe, kumba maji! Tutaoneana haya nchi kavu!"

Akakumba, jamani. Kwenye mawe akambeba mama mgongoni mpaka ndani kwa mgonjwa.

Mama mkubwa alikuwa hasemi tena, wanasema. Mume wangu anaapa kwamba alifumbua macho, akawatazama wote wawili walivyolowa, akasema, "Mdogo wangu, umeolewa tena?"

Walicheka, dada na dada. Kesho yake asubuhi akafa, ameshikwa mkono na mama.

Mama bado anajifunika kanga mume wangu akitokea. Ila humo humo ndani ya kanga, anauliza kama mkwe ameshakula.