Fundi wa Mbagala na Wimbo Uliofutwa na Barua

Saa mbili asubuhi, Mbagala Rangi Tatu. Wahiba Nasser (39) anafungua kaseti kuukuu kwa bisibisi ndogo, anapangusa ukungu kwenye utepe wake kwa pamba, kisha anauzungusha taratibu kwa kalamu ya biki. Redio nne za wateja zinamsubiri. Leo zitasubiri sana.

"Hii ikikatika, mie na mzee Gervas hatusalimiani tena," anasema, na wala hatanii.

Wahiba ni fundi redio, kazi aliyofundishwa na marehemu baba yake. Siku mbaya anaondoka na shilingi elfu nane, siku mbaya zaidi anaondoka na vumbi tu. Lakini tangu mwaka jana amejipa kazi isiyomlipa hata senti: kuhamishia kwenye kompyuta kaseti 31 za Gervas Nandonde, mpiga saksafoni wa Vingunguti mwenye umri wa miaka 73.

Mzee huyo alipiga kila kitu. Humo mna soul, mna jazi, mna kwaya, na mna taarabu ya harusi moja ya Mwananyamala ambako, kwa maneno yake, "nililipwa pilau." Hakuwahi kutoa albamu. Muziki wake ulirekodiwa mazoezini, redio ikiwa imewekwa juu ya kiti.

"Ukimsikia kwenye jazi unasema huyu ndiye. Ukigeuza upande wa pili anaimba soul, unasema aa, huyu mwingine. Kumbe ni yeye yule!" anasema Wahiba. "Nikaona mtu huyu akipotea hivi hivi, itakuwa dhambi yetu."

Kaseti aliyoishika ni ya mwaka 1983. Gervas alikuwa na bendi Dar. Mkewe Anjelina alikuwa Masasi na mtoto wao mchanga, Rogers. Akamtungia mkewe wimbo, akaupiga mara moja tu, akamtumia kaseti. Enzi hizo watu walitumiana barua za sauti: ukishasikiliza, unarekodi majibu humo humo, unairudisha.

Anjelina naye akafanya hivyo. Akarekodi juu ya wimbo.

Gervas alipoipokea alisikia salamu, na habari kwamba mtoto anaumwa. Akazima, akapanda basi la Masasi. "Rogers alipona, namshukuru Mungu," anasema. "Lakini wimbo sikuugusa tena. Niliumia, jamani! Nilijua hakuupenda. Mwanamume unamuulizaje mkeo jambo kama hilo?"

Hakuuliza kwa zaidi ya miaka arobaini. Sasa hata wimbo wenyewe ameusahau.

Saa nne Gervas na Anjelina wanafika. "Shikamoo mzee, shikamoo mama," Wahiba anawakaribisha, kisha anabonyeza.

Inatoka sauti ya Anjelina alipokuwa binti: "Baba Rogers, mtoto ana homa kali, njoo..." Dakika tatu nzima. Halafu kitufe kinalia ka! Saksafoni inaingia, katikati ya wimbo. Gervas hajawahi kuisikiliza kaseti hii mpaka hapa.

Anafunika uso kwa viganja. "Mwanzo umekwenda," anasema. "Na ndiko kulikokuwa na maneno."

"Nani kakwambia umekwenda?" Anjelina anamkatiza. "Niliusikiliza wiki nzima, betri zikaisha, nikaazima za jirani. Sina kaseti nyingine, mtoto anawaka moto, wee ulitaka nifanyeje?"

"Kumbe uliupenda?"

"Sana! Ulivyofika hukuutaja, nikajua umekasirika. Na mie nikanyamaza."

Anjelina anafumba macho, anaanza kuimba. Wahiba anarekodi kwa simu, machozi yakimtoka bila kujificha.

Anasema ataiunganisha sauti hiyo na saksafoni iliyosalia, kisha aziweke kaseti zote 31 mtandaoni kwa jina la mzee. Gervas naye anasubiri meno ya bandia, maana bila meno ya mbele saksafoni haipulizwi. Akiyapata, anataka kuupiga wimbo huu wote, mwanzo hadi mwisho.

Anavuta kiti karibu na mkewe.

"Imba tena, mama Rogers," anamwambia. "Nifundishe."