Saba Isiyo na Kistari

Saa mbili asubuhi, Tuulikki Rasinkangas anamimina kahawa ya tatu na kulikagua jedwali lake mstari kwa mstari. Ni mtakwimu wa manispaa ya Lehtikoski kwa miaka ishirini na sita. Mpole, hana makuu. Lakini wiki mbili zilizopita ndiye aliyesababisha kaka yake wa tumbo moja avuliwe udiwani.

Ilikuwa hivi. Pentti, kaka yake, mgombea namba 21, alimshinda Raija Hietamaa, namba 27, kwa kura nne tu. Raija akakata rufaa. Watu wakaanza kununiana dukani.

Kamati ya uchaguzi ilipomwomba azikague hesabu, Tuulikki akaiambia, "Huyo ni kaka yangu. Tafuteni mwingine."

"Mwingine yupi?" mwenyekiti akacheka. "Hesabu hizo unazijua wewe peke yako. Tuonyeshe pa kutazama, kufungua masanduku tutafungua sisi."

Akalinganisha vituo vyote sita. Katika vitano, Raija alipata kama kura nane katika kila mia, Pentti tano. Kituo cha shule sasa! Raija tatu, Pentti kumi.

"Bahati haichezi hivyo," ananiambia. "Nilijua sanduku lile lina jambo. Nilijua pia nitamkosa Pentti. Nililia, kisha nikaandika ripoti."

Sanduku likafunguliwa. Kwetu Finland mpiga kura huandika namba ya mgombea kwa mkono. Waliohesabu pale walikuwa wastaafu, waliofundishwa shuleni kuikata saba kwa kistari. Vijana wengi hawaikati. Basi kila saba tupu, wazee wa watu wakaisoma moja, 27 ikawa 21! Kura kumi na tisa zikarudi kwa Raija.

"Tulihesabu mara mbili, kwa uaminifu kabisa," anasema mmoja wao, Aarne, uso umemwiva kwa aibu. "Na mara mbili tukakosea vilevile."

Pentti alipiga simu siku hiyohiyo. "Dada gani wewe? Ungenyamaza ungekufa?"

"Ungekuwa wewe uliyepunjwa, ningeandika hivihivi."

Akakata simu.

Uchaguzi ujao, kamati imekubali, wahesabuji wataonyeshwa saba zote mbili kabla ya kuanza. Hilo Tuulikki amelipigania, na mimi namvulia kofia.

Ila Pentti alikuwa haachi kuja kwake kuoga sauna, bafu la mvuke la kuwashia kuni, kila Jumamosi. Sasa Jumamosi mbili hajatokea. Namuuliza, takwimu zinasemaje, atakuja kesho?

Anacheka, machozi yakimlenga. "Mbili tu hazitoshi kusema lolote, bwana. Mimi moto wa sauna nitawasha."