Damu Waliyoiita Kichocho

Mwanasiti wa kijiji cha Mtunda alimzika mumewe, Mshamu, wakati wa mvua za vuli, akiwa na hasira zaidi kuliko majonzi. Mshamu alikojoa damu karibu mwaka mzima. Kila akienda zahanati aliambiwa ni kichocho, maana huku kwenye mashamba ya mpunga nani hana kichocho? Alimeza vidonge, damu ikakata, kisha ikarudi. Walipomfikisha Dar es Salaam, picha ilionyesha figo moja imeliwa na saratani, nayo imeshafika mapafuni.

Siku zile maduka ya Kibiti yalikuwa yamejaa vitu vya nje, na zahanati zimeanza kutaka watu wachangie dawa. Ndipo akaja Donati, mtaalamu wa maabara, mtu wa bara, akiwa na watafiti wenzake. Walitaka mikojo.

"Figo yenye saratani hutumia chakula kwa namna yake, mama," Donati alimweleza. "Mabaki yake hutoka na mkojo. Tukiyajua, tutaugundua ugonjwa mapema. Lakini kwanza lazima tujue mkojo wa mtu asiye na saratani ukoje."

Mwanasiti alilivalia njuga jambo lile, akapita nyumba kwa nyumba.

"Shoga, wakinichezea je na mkojo wangu?" aliuliza Johari, jirani yake.

"Wakikuchezea, njoo unishike mimi."

Vichupa vikajaa. Gari la watafiti likakwama kwenye tope, barafu ya kuvihifadhia ikayeyuka, mikojo ikaharibika. Mwanasiti akawazungukia watu upya, wengine wakimcheka usoni. Vichupa vikajaa tena, vikaondoka.

Miezi ikapita kimya. Kila wakikutana kisimani, Johari aliuliza majibu yako wapi. Mwanasiti akaanza kuchota maji jua likiwa utosini, ili wasikutane.

Hatimaye Donati akarudi, peke yake, kwa pikipiki. "Mama, ile mikojo haitufai. Karibu yote ina kichocho, na kichocho nacho kina alama zake, zinachanganyika na hizo tunazozitafuta. Wakubwa wameamua kwenda mahali pasipo na kichocho."

Mwanasiti akasimama mbele ya pikipiki yake.

"Mume wangu alikufa kwa sababu kila damu mliiita kichocho. Mmekuja kutafuta namna ya kutofautisha, mmekikuta kichocho chenyewe, mnakimbia? Sasa sisi wa huku itatusaidia nini hiyo kazi yenu?"

Donati aliinamisha kichwa. "Mimi si mwamuzi, mama."

"Basi waliokutwa nacho watibiwe. Na hilo nalo huliwezi?"

Aliahidi. Dawa zilikuja baada ya mavuno, hazikutosha. Johari akawa miongoni mwa waliokosa, na hakuacha kumsema Mwanasiti kwa hilo.

Mwaka uliofuata, Kibwana, shemeji yake Mwanasiti, akaanza kukojoa damu. Zahanati wakasema kichocho. Mwanasiti akaketi kwenye benchi, akagoma kuondoka, mpaka mganga wa zahanati alipochoka naye akawaandikia rufaa. Wakafika hospitali kubwa, picha ikapigwa. Figo zote mbili nzima. Kichocho.

"Shemeji, umenizungusha bure," Kibwana alinung'unika wakirudi.

"Afadhali bure," alimjibu, huku machozi ya hasira yakimlengalenga. Akija mwingine kesho na damu kwenye mkojo, hakuwa na la kumwambia ila wafunge tena safari ile ile.