Mwisho wa Mstari, Upande wa Kulia

Nguruwe mwitu walikuwa wameshafukua nusu ya muhogo wa mama, kwenye shamba letu kando ya njia ya kwenda Pundanhar. Mama alisema wakirudi tena, hatutakuwa na chakula mpaka mvua zije. Jirani yetu wa shamba, mtu wa uwanda wa juu ninayemwita mjomba, akatukusanya. Sisi wa pwani tulileta nyavu kuukuu, tukazifunga kwenye miti. Yeye na wenzake wa uwandani walileta mikuki. Ngao tulitengeneza kwa vipande vya chapa, yaani mabati ya paa. Tungetembea bega kwa bega, tuwasukume nguruwe watoke kichakani waingie nyavuni.

Shuleni, mwalimu alitueleza juu ya askari wa miguu wa zamani sana. Walishika ngao kwa mkono wa kushoto na mkuki kwa wa kulia. Nusu ya ngao ilimfunika mwenyewe, nusu ilimfunika mwenzake wa kushoto. Aliyekimbia alimwacha mwenzake wazi. Na wa mwisho kulia hakuwa na wa kumfunika. Somo hilo sikulisahau.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Kula mama alinifundisha kwa mkono wa kulia, na kuandika pia, ndiyo maana naandika polepole. Lakini mkuki kwa mkono wa kulia siwezi kuulenga.

Tulipojaribu mstari, ngao yangu iligongana na ya shangazi aliyekuwa kulia kwangu.

"Umekaa kinyume," akasema. "Na huko kushoto umeacha mlango. Nguruwe akipita nimkaribishe chai?"

Watu wakacheka.

"Abaki alinde maji ya kunywa," mjomba akasema.

Mama hakucheka. Alikuwa anatazama mihogo iliyong'olewa. Kwangu kusema mbele za watu ni kugumu kuliko nguruwe, lakini nikasema.

"Niwekeni mwisho, upande wa kulia."

"Huko ndiko wanakoponyokea."

"Najua, mjomba. Huko hakuna wa kunifunika. Ngao yangu iko kulia tayari."

Akanipeleka, akasimama mwenyewe kushoto kwangu. "Hapa katikati yetu hapana ngao."

"Pana mikuki miwili."

Akafikiri. "Haya. Ukikimbia, mke wangu atakuja kukudai mume."

Tuliingia kichakani tukigonga chapa. Dume kubwa likatoka ukingoni, moja kwa moja upande wangu. Nilitaka kukimbia, nikakaza magoti. Likapiga ngao, bega likafa ganzi. Mjomba alikuwa palepale, mkuki wake kando ya wangu. Dume likatafuta pengo, likakuta ncha mbili, likageuka na kukimbilia mbele, kwenye nyavu. Wenzake wakalifuata.

Kesho yake mama alipanda upya. Bega langu la kulia lilikuwa limevimba, kwa hiyo nilichimba mashimo kwa mkono wa kushoto, na safari hii mama hakuniambia nibadilishe mkono.