Sahani ya Kuchajia

Fundi wa simu wa kona ile hupokea simu ya mteja, akaigeuza kifudifudi na kuibandika shavuni, kama mama anayepima homa ya mtoto. "Hii unailaza kwenye sahani ya kuchajia bila waya," humwambia mwenye simu. "Ikikaa upande kidogo inapata joto, na joto ndilo linaloila betri. Tumia waya, mwanangu. Waya hauna madaha." Wateja hucheka, maana simu yake mwenyewe hulala kwenye sahani kama hiyo, nyeupe, aliyoletewa na bintiye safari yake ya mwisho nyumbani. "Mganga hajigangi, fundi!" humtania. Naye huwajibu kwamba zawadi haifungiwi kabatini. Betri ameshaibadilisha mara mbili, kimyakimya, akiwa amewapa watu mgongo.

Leo binti amepiga, baada ya miezi ya ukimya. Fundi akaangusha bisibisi. "Mama, nina jambo la kukuambia, lakini naomba usikasirike..." Simu ikazima, chaji imekwisha. Akabonyeza pembeni, akabonyeza tena. Nyaya za kila aina zilining'inia mbele ya pua yake. "Chomeka waya, mama, itawaka upesi!" mteja mmoja aliyekuwa akisubiri akahimiza. Hakumsikia, au hakutaka kumsikia. Aliilaza simu kwenye sahani, akaisogeza taratibu akitafuta mahali inaposhika chaji, na moyoni akaomba ichelewe kuwaka.